Bei ya Mti wa Chapati

Leo nazungumza na wewe unayekereza miti ya kusukumia chapati ukishatoka shambani. Kazi yako ni nyingine, lakini mikono yako inapenda mbao. Una mashine ndogo, au una ile kerezo ya kukanyaga kwa mguu: kamba imezungushwa kwenye mti, juu kuna fito inayonesa, ukikanyaga mti unazunguka na patasi inakula.

Swali langu ni moja. Unauza shilingi ngapi?

Jibu ninalolisikia sana hapa Nakivale ni hili: "Natoa tu kwa 4,000, si kazi yangu, najifurahisha." Halafu mtu anacheka. Mimi sicheki, na nitakwambia kwa nini.

Chukua karatasi tuhesabu pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano, wewe weka zako. Tuseme kipande cha mti umekinunua kwa 1,500. Msasa, 500. Kunoa na kuchakaa kwa vifaa, 500. Kufika sokoni na kurudi, ukigawanya kwa kila mti, 500. Hapo ni 3,000 na bado hujajilipa hata senti. Sasa muda. Kukata, kukereza na kupiga msasa vikichukua saa moja na nusu, na saa yako ukiipa thamani ya 1,000, ongeza 1,500. Tumefika 4,500.

Hatujamaliza. Kila fundi anajua kuna mti unaopasuka. Ukitengeneza 10 na 2 zikapasuka, umetumia gharama ya 10 lakini unauza 8. Kumi mara 4,500 ni 45,000. Gawanya kwa 8, unapata 5,625. Hiyo ndiyo bei ambayo hupati faida wala hasara. Ukiuza 6,000 unabaki na kitu kidogo.

Sasa rudi kwa yule wa 4,000. Miti 8 imemletea 32,000. Vitu vya kutengenezea 10 vilimla 30,000. Amebaki na 2,000 kwa saa 15 za kazi. Gawanya mwenyewe, mimi nimegawanya mara mbili nikidhani nimekosea. Haifiki shilingi 134 kwa saa.

Utaniambia, "Dada, ni muda wangu, nautupa nikitaka." Ni kweli, kama ungekuwa peke yako. Lakini tangu mwaka 2023 msaada wa chakula hapa Uganda unagawiwa kwa makundi, kulingana na uhitaji, na kuna nyumba ambazo hazipati tena. Katika nyumba kama hiyo yupo papa anayekereza, na mti mmoja akiuuza ndio unga wa jioni. Wewe ukimzoesha mama wa sokoni bei ya 4,000, kesho anamfuata papa yule na kumwambia, "Mbona mwenzako ananipa kwa 4,000?" Papa hana jibu. Hawezi kusema kwamba mwenzake anajifurahisha.

Kama unataka kutoa zawadi, toa zawadi. Mpe shangazi, mpe bibi harusi, usichukue pesa. Zawadi haimharibii mtu bei. Kinachoharibu ni kuuza chini ya gharama na kuiita bei.

Sasa, ili mteja akubali 6,000, mti wenyewe lazima ustahili. Hapa nikae kidogo.

Mti mbichi usiukereze ukauuza. Utapinda, utapasuka, na mteja atarudi nao mbele ya watu. Paka nta au rangi kwenye ncha mbili za gogo, maana maji hutoka haraka zaidi nchani, na hapo ndipo nyufa huanzia. Weka kivulini penye hewa. Huna kipimo cha unyevu? Omba mzani wa muuza maharage. Pima, andika, pima tena baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka. Ni miezi, si siku.

Chagua mti mgumu wenye nyuzi za karibu karibu, usio na harufu. Mpera ni mzuri. Mfenesi pia. Shina la mbuni mzee likikatwa shambani ni gumu sana, ila tafuta lililo nene. Na tafadhali, usipake vanishi ili ung'ae. Unga utagusa hapo kila siku, na vanishi ikianza kubanduka inaingia kwenye chapati. Msasa laini unatosha.

Halafu mjue mteja. Kijana wa rolex, yule anayekunja chapati na mayai pale barabarani, anasukuma chapati kutwa nzima. Anataka mti mwepesi, usio na mishikio, mnene kidogo katikati na mwembamba kwenye ncha, kwa sababu huo unaugeuza unga wenyewe ukizunguka. Mama wa nyumbani mara nyingi anapenda mnene na mzito. Ndugu zetu Wasomali wanasukuma sabaayad, na kabla ya Ramadhani sambusa zinaanza, kwa hiyo miti yako iwe imeshakauka mapema. Ndugu Waethiopia usiwahangaishe kwa ajili ya injera, ule unga unamiminwa.

Usimwendee kijana wa rolex wakati wateja wamepanga foleni. Nenda saa anapokanda. Mpe mti ausukumie unga wake mwenyewe, chapati mbili tatu, wewe kaa kimya. Akiurudisha na kuchukua chupa yake ya soda, sikiliza anachosema, ndicho utakachorekebisha. Akiendelea kusukuma, umeuza.

Kwenye kupatana bei kuna maneno utayasikia. "Mwanangu, hiki si kijiti tu?" Jibu kwa heshima: "Mama, kijiti kiko msituni, hiki nimekikausha miezi." Anza na 7,000 ili upate pa kushukia, na ukifika 6,000 simama. Akiomba bei ya undugu, mwongezee kitu badala ya kupunguza: mpunguzie kibao akinunua vyote viwili, au mwahidi kumpigia msasa bure mti ukikwaruzika. Akiomba deni, chukua nusu leo, andika jina na siku. Nusu hiyo iwe angalau 3,000, maana ndizo zilizotoka mfukoni mwako.

Kabla hujaenda soko lijalo, mpitie papa yule unayemjua. Msalimie, muulize anauza shilingi ngapi, na wewe usishuke chini ya hapo. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kunoa patasi bila jiwe la dukani. Usiku mwema.