Kabla Kikundi Hakijanunua Laptopu ya Mwanafunzi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunaichapa hapa ili isomwe na kujadiliwa vikundini.)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya laptopu, yaani kompyuta ya kubeba. Najua kuna mtu hapa anajiuliza moyoni, "Mimi nafuga mbuzi, laptopu yanihusu nini?" Yakuhusu, mama. Barua ya kuitwa chuoni ikifika nyumbani siku hizi, kuna karo, kuna chakula na mahali pa kulala, na kuna laptopu. Mzazi akikosa pesa anaenda wapi? Anakuja kwa kikundi. Na pesa ya kikundi ni jasho la watu wengi: mayai ya huyu, maziwa ya yule, vibarua vya mwingine.

Nitaanza na kosa letu sisi wenyewe. Binti ya mwanachama wetu mmoja aliitwa chuoni kusomea uhandisi wa ujenzi. Tulifurahi sana. Kikundi kikampa mama yake mkopo, na mwekahazina akatumwa mjini pamoja na mjomba wa binti. Wakarudi na laptopu mpya kabisa, nyembamba, nyepesi, ingali kwa kartoni yake. Tukapiga makofi, tukaiombea. Binti mwenyewe hakuna aliyemuuliza neno.

Mwaka wa pili wakaanza kufundishwa kuchora majengo kwa kompyuta. Programu ile ikakataa kuingia kwa sababu nafasi haikutosha. Binti akaipeleka kwa fundi ili aongezewe nguvu. Fundi akaifungua, akaifunga tena, akasema, "Hii haiongezeki, kila kitu kimechomelewa kwa ubao." Basi ikawa binti anangoja wenzake walale ndipo aazime mashine zao. Kazi zake zikachelewa, na somo lile akalirudia. Na huku nyumbani mama yake analipa mkopo kila mwezi. Siku moja alisimama katika mkutano akasema, "Mnanidai pesa ya sanduku."

Jamani, siku hiyo kikundi kilikaribia kuvunjika. Wengine walitaka tuandike katika kitabu kwamba hakuna mkopo wa kompyuta tena. Lakini mzee mmoja akauliza: "Muuzaji alitudanganya?" Tukafikiri, tukaona hapana. Alituuzia tulichoitisha. Tuliitisha laptopu mpya ya bei nafuu, na hiyo ndiyo tuliyopata. Kumsaidia mtoto halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kununua kabla ya kuuliza.

Kwa hivyo leo nataka muende nyumbani na jambo hili moja: laptopu huchaguliwa na somo la mwanafunzi, haichaguliwi na macho yetu. Mengine yote yanafuata hapo.

KWANZA, ULIZENI SOMO

Mwanafunzi aulize idara yake, au wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo hiyo, wanatumia programu gani. Aandike kwa karatasi, ailete kwa kikundi.

Anayesomea ualimu, biashara, uuguzi au kazi ya jamii, kazi yake kubwa ni kuandika, kupiga hesabu za jedwali, kusoma vitabu na kutumia intaneti. Huyo hahitaji mashine ya nguvu nyingi. Anayesomea kompyuta yenyewe anahitaji zaidi. Anayesomea uhandisi au usanifu wa majengo anahitaji zaidi tena, kwa sababu programu za kuchora kama AutoCAD ni nzito. Kosa la kumnunulia huyu mashine dogo tumeliona. Lakini hata kumnunulia mwalimu mashine ya mhandisi ni kosa. Ni kama kununua lori la kubebea debe moja la mahindi.

PILI, MANENO MATATU YA KUJUA

Mkifika dukani mtasikia maneno mengi. Shikeni matatu tu.

La kwanza ni diski. Hii ni stoo ya nyumba, mahali pa kuweka vitu vyote. Ulizeni ile inayoitwa SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Huifanya mashine iwe nyepesi kufanya kazi, na haiumii upesi kwa mitikisiko ya matatu kama diski za zamani. Gigabaiti 256 zinatosha wengi. Gigabaiti 64 ni ile stoo yetu iliyojaa kabla ya kuvuna: Windows 11 yenyewe hudai nafasi isiyopungua hiyo.

La pili ni RAM. Hii ni meza ya jikoni. Stoo inaweza kuwa kubwa, lakini meza ikiwa ndogo mpishi atapanga na kupangua siku nzima. Leo usishuke chini ya gigabaiti 8. Wa kompyuta na wa uhandisi watafute 16. Na ulizeni: "RAM hii yaweza kuongezwa?" Katika laptopu nyingi nyembamba haiwezekani.

La tatu ni prosesa, ambayo ndiyo injini. Hapa watu wengi huuziwa jina. Muuzaji anapaza sauti, "Hii ni Core i7!" Nawe unadhani i7 lazima ishinde i5. Si hivyo. Tazama nambari inayofuata. Ikiandikwa i7-6600U, ile 6 inasema ni kizazi cha sita. Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 inasema ni kizazi cha nane. Hiyo i5 ina viini vinne vya kazi na ile i7 ina viwili tu. Kwa hivyo mdogo wa kizazi kipya anamshinda mkubwa wa kizazi cha zamani.

Kizazi kina maana nyingine pia. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 iliyofuata haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mtu akikuuzia kizazi cha sita kwa bei ya chini, ujue ni kwa nini bei imeshuka. Mashine kama hiyo si ya kutupwa. Inaweza kuwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu au Mint, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia, nayo ni ya bure. Kwa mwanafunzi wa kuandika na kusoma inafaa. Lakini lazima mjue hivyo kabla ya kulipa.

TATU, MPYA AU MTUMBA?

Sisi wote hapa tumevaa mitumba, wala hakuna aibu. Laptopu zilizotumika maofisini ng'ambo huletwa kwetu kwa wingi, na wauzaji huziita "Ex-UK". Zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku. Mara nyingi mtumba mzuri wa ofisini humfaa mwanafunzi kuliko mpya ya bei hiyo hiyo, maana mpya ya bei ya chini huwa imepunguzwa stoo na meza.

Nitawapa mifano mitatu: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480. Hizi mara nyingi huwa na prosesa za kizazi cha nane, RAM yake huongezwa, na diski hubadilishwa. Hiyo T480 ina hata betri ya pili inayochomolewa kwa nje. Lakini tazameni herufi na nambari za mwisho. EliteBook 840 G3 inafanana na ndugu yake, ila ni ya kizazi cha sita.

Muwe waangalifu na Chromebook. Ni mashine nzuri kwa kazi za intaneti, na bei yake huvutia. Lakini haichukui programu za Windows kwa njia ya kawaida, na kila moja ina tarehe yake ambapo Google huacha kuiletea masasisho. Nyingine zilikuwa za shule za ng'ambo na bado zimefungwa kwa jina la shule ile. Muulize tarehe, na muone ikifunguka mbele yenu.

NNE, PIMENI KABLA YA KULIPA

Ukinunua ng'ombe wa maziwa, utamlipia ukiwa umemwona kwa picha? Hapana. Utamtazama meno, utamshika kiwele, na ukiwa mjanja utaomba akamwe mbele yako. Fanyeni hivyo hivyo. Awe ni muuzaji wa Luthuli Avenue kule Nairobi au wa mji wetu hapa, mwenye mashine nzuri hatakasirika.

Mwanafunzi mwenyewe awepo, na mtu mmoja anayeelewa kompyuta. Wafanye haya:

1. Waizime kabisa, waiwashe upya. Ikidai neno la siri kabla Windows haijafunguka, na muuzaji halijui, waiache. Huenda ni ya kampuni, au ya wizi.

2. Wabonyeze kila herufi ya kibodi, hata zile zisizotumika sana. Wajaribu kamera, sauti, matundu yote ya kando, na kushika intaneti bila waya.

3. Waitazame skrini ikiwa nyeupe, kisha ikiwa nyeusi. Madoa na mistari itaonekana.

4. Wathibitishe RAM, diski na prosesa ndani ya mashine yenyewe. Wasiamini karatasi iliyobandikwa juu.

5. Wapime betri. Katika Windows kuna amri inayoandikwa powercfg /batteryreport. Inatoa ripoti yenye nambari mbili: betri ilitengenezwa ibebe kiasi gani, na sasa inabeba kiasi gani. Kama ilikuwa 50,000 na sasa ni 25,000, imebaki nusu. Ombeni betri nyingine au bei ipunguzwe.

6. Wapate risiti yenye nambari ya mashine, na dhamana iliyoandikwa: siku ngapi, na inahusu nini. Maneno ya mdomo hayarudishi pesa.

Msimlipe mtu wa barabarani anayetoa laptopu kwa mfuko wa nailoni. Wala msitume pesa kwa simu kabla ya kuiona mashine. Haraka haraka haina baraka.

TANO, UMEME NA PROGRAMU

Chaja ya laptopu za aina hii kwa kawaida ni ya wati 45 au 65. Vile visola vidogo vya taa mbili na kuchajia simu haviwezi kuichaji. Kama nyumbani hakuna stima, fikirini mtoto atachaji wapi wakati wa likizo. Na pale stima inapokuja na kupotea, wekeni pesa kidogo ya kifaa cha kukinga umeme.

Kabla ya kulipia programu, mwanafunzi aulize chuoni. Vyuo vingi huwapa wanafunzi anwani ya barua pepe inayowafungulia Microsoft 365 bila malipo, na Autodesk, wenye AutoCAD, huwapa wanafunzi waliothibitishwa programu zao bure. Programu za wizi huja na virusi, na tukizinunua tunamfundisha mtoto kwamba wizi wa kitu kisichoonekana si wizi.

Mwisho, mwanafunzi awe na nakala ya kazi zake mahali pengine, kwa flashi au kwa intaneti. Laptopu ikiibwa, pesa itatafutwa tena. Kazi ya miaka minne haitafutwi.

SITA, MAPATANO YA KIKUNDI

Katika Luka 14:28 Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi anavyoketi kwanza ahesabu gharama. Sisi tulihesabu gharama, lakini hatukuuliza mnara ni wa nini. Sasa kikundi chetu kina mapatano haya: hakuna mkopo wa laptopu bila karatasi ya mwanafunzi inayosema somo na programu, ununuzi hufanywa na watu watatu, na mwanafunzi ni mmoja wao, na sehemu ya pesa hubaki kando kwa mfuko, chaja na matengenezo.

Mtauliza, yule binti je? Mashine yake ilimfaa ndugu yake mdogo aliyesomea ualimu wa watoto, ambaye kazi yake ni kuandika tu. Binti akapata mtumba wa ofisini. Yule mama alimaliza mikopo yote miwili, na hakukosa mkutano hata mmoja. Sisi ndio tulikuwa na deni kwake, na tulimwomba msamaha mbele ya wote. Ndipo tukakata shauri tusikae na funzo hili peke yetu.

 

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kununua kitu bila kumuuliza atakayekitumia? Matokeo yalikuwa nini?

2. Katika kijiji chetu, ni nani anayeelewa kompyuta na anaaminika kuandamana na wanunuzi?

3. Mwanachama akinunuliwa kitu kisichofaa kwa uamuzi wa kikundi, hasara ni ya nani?

4. Ni wanafunzi wangapi wetu wanaongoja kuitwa chuoni, na tuanze kuweka akiba lini?