Minyoo ya Mapafu ya Mbuzi na Kondoo

Sikieni, ndugu wenye mbuzi na kondoo. Ninyi mnaokaa vijijini kuzunguka migodi ya Kolwezi na Likasi mnajua namna watu wa mjini wanavyotafuta nyama ya mbuzi. Mbuzi aliyekonda na kukohoa ni mali inayopotea. Tena wakifa wawili, watatu, watu huanza kutazamana vibaya: nani ametia sumu? Nani ametuma dawa? Kabla ya kumsema jirani, pasua mapafu.

Mnyama mwenye minyoo hii hukohoa siku nyingi, zaidi akikimbizwa. Kamasi nzito humtoka puani, naye hukonda pole pole. Walio wadogo ndio wanaougua sana. Lakini kikohozi peke yake hakitoshi kukujulisha, maana hata vumbi hukohoza. Iko na homa ya mapafu: hiyo huja na moto mwilini, mnyama hukataa kula, na pengine hufa kwa siku chache. Minyoo haina haraka hivyo.

Ukichinja, usiwatupie mbwa mapafu. Shika kisu kidogo, pasua bomba la pumzi toka kooni, ufuate matawi yake mpaka mwisho wa pafu, upande wa nyuma. Huko ndiko inakokaa. Ndani ya povu utaona nyuzi nyeupe kama uzi wa kushonea, urefu wake sentimetre 3 mpaka 10. Ukiziona, umekwisha kujua.

Na aliye hai? Munganga wa nyama atapima mavi. Huyafunga katika kitambaa na kuyatia katika maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Watoto wa minyoo hutoka, huzama chini, naye huwatazama kwa mikroskopi. Mavi hayo yatolewe ndani ya mnyama mwenyewe, yafike siku ile ile. Mkiyaokota chini, au yakilala, minyoo mingine itaingia au itaanguliwa humo na kumdanganya. Jueni pia kwamba minyoo hukaa mwilini karibu majuma 5 kabla ya watoto wake kuonekana katika mavi. Basi mwana-mbuzi akikohoa na mavi yakionekana safi, yaleteni tena baadaye.

Msilete ya mbuzi mmoja tu. Chukueni ya watano au sita, wanaokohoa na wasiokohoa, kila moja katika jani lake la mgomba, na alama ya mnyama aliyetoka.