UMEME UPANGWE KABLA YA PLASTA

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, fundi umeme, katika mkutano wa ushirika, Mandewa. Yanabandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya umeme na moto katika nyumba mpya. Wengi wetu tunajenga. Alizeti ikiuzwa, mtu anawaza matofali, saruji na bati. Umeme anaukumbuka mwisho, fedha zimekwisha. Hapo ndipo tunapoukaribisha moto.

Nianze na kosa langu mwenyewe, na ufundi wangu huu. Nyumbani kwangu breka ya soketi ilikuwa inajikata kila mke wangu akipiga pasi huku jiko la umeme limewashwa. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikaweka breka kubwa zaidi. Nikajiona hodari! Usiku mmoja waya ukachemka ukutani, soketi ikayeyuka, na magunia ya alizeti yaliyoegemezwa pale yakashika moto. Watoto tuliwatolea dirishani. Ndugu zangu, ile breka ya kwanza haikuwa mbovu. Ilikuwa inanionya, nami nikainyamazisha.

Basi, kabla mwashi hajapiga plasta, keti na fundi mwenye leseni ya EWURA, mpange haya:

Kwanza, njia za umeme zigawanywe. Taa njia yake, soketi njia yake, jiko la umeme njia yake peke yake. Kila njia iwe na breka inayolingana na waya. Waya wa 1.5 wa taa, breka ya ampea 10 yatosha. Waya wa 2.5 wa soketi, ampea 20. Ikijikata, tafuta sababu.

Pili, wekeni kifaa cha kukata umeme unaovuja. Madukani kinaitwa RCD. Cha miliampea 30 humwokoa mtu, na pia huzuia moto unaotokana na uvujaji. Lakini hakishiki nafasi ya breka, vyote viwili vinatakiwa. Kina kitufe cha kujaribia, kibonyezeni mara kwa mara.

Tatu, ethi. Ardhi yetu ya Singida hukauka sana kiangazi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Chuma cha ethi kizame chini sana, penye unyevu. Fundi apime kwa kifaa, asikisie.

Nne, meni switchi iwe karibu na mlango, mtu mzima aifikie hata gizani. Si nyuma ya magunia.

Tano, kengele ya moshi ikae kwenye dari ya korido, karibu na vyumba vya kulala. Ukiiweka jikoni penye kuni italia kutwa, mwisho utaing'oa. Kizima moto cha unga mkavu kiwe karibu na mlango.

Kuna anayeuliza, "TANESCO si wapo?" Wapo, lakini wao wanatufikishia umeme hadi kwenye mita. Waya za ndani ni jukumu la mwenye nyumba.

Na moto ukitokea, toeni watu kwanza. Kata meni switchi kama unaifikia salama. Usimwagie maji kitu chenye umeme. Pigeni 114, Zimamoto.

Wazee wetu katika tembe walilala moto wakiuona mafigani. Wa umeme umejificha ukutani, hauonekani mpaka umeshatoka. Mtu atasema vifaa hivi ni ghali. Aliyeweza kununua bati hashindwi breka. Na plasta ikishapigwa, kubomoa ni ghali zaidi.

Mwenye swali anione siku ya kupima alizeti.