KAZI YA KUBUNI BIDHAA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katika ratiba ya leo nimeandikwa kuwa "mbuni". Mwenzangu mmoja wa bweni amekwisha kuniuliza kama mimi ni ndege au mti wa kahawa. Basi nijieleze: kazi yangu ni kufikiria umbo la kitu kabla hakijatengenezwa, kiwe kiti, sufuria au ndoo.

Wengi hudhani ni kuchora tu. Tazameni jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo wengi wenu mnalo nyumbani. Lile la zamani, la bati tupu, lilipoteza joto jingi ubavuni. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati, uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu na mafundi walishika kazi ya kulirekebisha, wakiazima wazo la jiko la ndoo la Thailand. Udongo wa majiko ya mwanzo ulipasuka, wakarudia tena na tena. Kiuno mnachokiona si pambo. Udongo hukaa nusu ya juu tu, umeegemea mteremko wa bati. Kwa hiyo jiko si zito, na chini hubaki nafasi ya majivu na hewa. Lakini linalonipendeza zaidi ni hili: mfinyanzi alibaki na tanuri lake, na fundi wa Shauri Moyo akaendelea kulikunja kwa nyundo ile ile, kwa bati la mapipa makuukuu. Hakuhitaji kiwanda kipya. Ndiyo maana likaenea, likavuka hata mipaka.

Sasa nina neno kwa ndugu zangu mliokalia viti vya umeneja. Mnatuita tumechelewa! Kampuni moja iliniita kwa ajili ya ndoo ya plastiki, kalibu ya chuma ikiwa imekwisha kuchongwa. Nilijaza maji ndoo ya majaribio, nikampa msichana mmoja aibebe hadi lango la kiwanda. Mpini ukamwachia alama nyekundu kiganjani. Nikaomba mpini unenepeshwe. Nikajibiwa kwamba kuchonga kalibu nyingine ni gharama kubwa, nichague rangi tu. Ndoo zikauzwa hivyo hivyo, na bila shaka zingali zinabebwa na watoto. Kama ningeitwa mwezi mmoja kabla, mabadiliko hayo yangekuwa kazi ya kifutio na penseli.

Bwana Mwenyekiti, asubuhi nilichungulia dirisha la karakana ya shule. Jiliwa bado zimefungwa mezani, zina kutu, na mlango una kufuli. Naiomba Kamati itoe fedha za mafuta, misumeno na mwalimu mmoja. Nami nitakuja Jumamosi mbili kila muhula, na bati nitaleta mwenyewe.