Msafiri Aliyeomba Maji
Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka A



Injili ya leo (Yoh. 4:5-42) yatuonyesha Bwana ameketi kisimani saa sita ya mchana, amechoka kwa safari. Anafika mwanamke Msamaria kuteka maji, naye yu peke yake. Bwana, aliye Mwalimu kuliko walimu wote, haanzi kwa kumfundisha wala kumkemea. Anaanza kwa kumwomba maji.

Natamani tuitafakari Injili hii tukiwa hapa kwetu, katika nchi ya dhahabu, toka Shinyanga na Kahama hadi Geita. Sote twajua miji yetu inavyokua. Mgodi ukifunguliwa, mabanda hugeuka mitaa, na mitaa huzaa vilabu vya pombe, mahoteli na nyumba za kulala wageni. Humo hufanya kazi mabinti na akina mama waliotoka vijijini kutafuta riziki. Ujira wao ni mdogo, na wapo wateja wanaodai zaidi ya chakula na kinywaji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa kwa majirani wa migodi mipya ya dhahabu nchini mwetu, ulikuta virusi vya UKIMWI kwa wafanyakazi wa mgodi 6 katika kila 100, na kwa wanawake wengine wa maeneo hayo 18 katika kila 100. Kwa wanawake wa vilabuni na mahotelini walikuwa 42 katika kila 100.

Wataalamu waliwaendea wanawake hao. Walikuwa wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa chuo cha tiba za kitropiki kilichoko London. Waliwaomba wanawake wa kazi hizo katika kanda yetu wasaidie kujua kama dawa ya malengelenge ya sehemu za siri ingepunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Wanawake 821 wasio na virusi walikubali. Karibu nusu yao walipewa dawa, na waliobaki vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walioambukizwa ni 27 upande wa dawa, na 28 upande wa pili. Dawa haikuwakinga.

Je, walijitolea bure? La, hasha. Waganga wa nchi nyingi walikuwa wameitumainia njia hiyo, na ukweli ulipatikana kwa msaada wa wahudumu wa vilabu vyetu. Waliombwa maji, nao wakateka kwa ajili ya watu wasiowajua.

Lakini aombaye maji anadaiwa kitu. Bwana hakunywa akaenda zake. Wasamaria walimsihi abaki, akakaa kwao siku mbili. Katika utafiti mwingine jijini Mwanza, wanawake wa kazi kama hizo walichagua wawakilishi wao kata kwa kata, wakaketi na watafiti, wakauliza maswali yao, hata lile gumu la damu inayochukuliwa inakwenda wapi. Huo ndio ushirika: maskini haulizwi tu, naye huuliza.

Ndugu zangu, nisiwahukumu wasomi nikajiacha mwenyewe. Siku moja, baada ya Misa katika senta moja ya wachimbaji, mama mmoja mhudumu wa kilabu aliningoja mlangoni. Akanisalimu kwa heshima, kisha akasema: “Padri, madaktari wanatujua kwa majina yetu. Parokia inatujua kwa sifa zetu tu.” Sikuwa na jibu. Jumuiya yetu ndogondogo ilikuwa ikisali Jumamosi alfajiri, saa ambayo wanawake wale ndipo walipokuwa wakijilaza baada ya kazi ya usiku. Hatukuwafukuza, tulipanga tu saa ambayo wasingeweza kuja, kisha tukawaita wavivu wa sala.

Kwa hiyo, makatekista, nawasihi jambo hili katika Kwaresima hii. Nendeni katika mitaa hiyo mkaulize kwanza: ninyi mna nafasi saa ngapi? Jumuiya na isogee kuwafuata. Na ninyi vijana mnaosoma vyuo vikuu, mkija na madaftari yenu kuuliza habari za wanyonge, karibuni sana. Bali kabla ya kuandika jina la mtu, mwambieni siku mtakayorudi kumsomea mliyoyapata, hata kama matokeo si ya kufurahisha. Mkirudi, mtakuwa mmemheshimu.

Yule Msamaria aliuacha mtungi wake akaenda kuwaita watu wa mji, nao walimsikiliza. Tusiuzibe mlango ambao Bwana mwenyewe aliufungua kwa kuomba maji.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.