Raketi na Mkono Unaoishika



Vijana wetu wamemwona Fatma Al Nabhani, binti wa Maskati aliyezaliwa mwaka 1991, akifika kwenye mashindano ya kimataifa ya wachezaji wa kulipwa; hamu ya tenisi wanayo. Kamati yetu imekusudia kuwanunulia raketi kumi, zote za namna moja, kwa kuwa bei imepunguzwa. Nia ni njema. Hata hivyo, naomba tungoje kidogo kabla ya kulipa.

Nilihamia hapa mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka 26. Katika sanduku langu nilitia raketi ya mbao aliyoniachia marehemu mjomba, imebanwa ndani ya fremu yenye skrubu nne, maana unyevu wa Unguja hupinda mbao. Raketi za namna ile zilikuwa na uzito wa karibu gramu 400 na uso mdogo. Katika miaka ya 1980 nafasi yake ilichukuliwa na raketi za grafaiti. Zamani zetu mtu hakuchagua. Aliishika iliyokuwapo akashukuru.

Kwa fikra hiyo hiyo nilimkosea mjukuu wangu. Alipokuwa na miaka 9 nilimpa raketi yangu mwenyewe, ya mtu mzima, yenye gramu 320. Nilijisemea: atakua nayo. Baada ya miezi miwili akaacha kuja kiwanjani. Mama yake ndiye aliyegundua kwamba kiwiko kinamuuma. Mtoto alinyamaza kwa kuona haya kuikataa zawadi ya babu yake. Jambo hilo lingali likinichoma.

Niliyojifunza baadaye ni haya.

Kwanza, urefu. Raketi ya mtu mzima kwa kawaida ni inchi 27. Za watoto huanzia 19, zikapanda hadi 21, 23, 25 na 26. Mtoto asimame wima, ashushe mkono ubavuni pamoja na raketi. Ncha yake iguse ardhi bila ya kumlazimisha kukunja kiwiko.

Pili, mshikio. Mkubwa akiikamata raketi, baina ya ncha za vidole vyake na kiganja ibaki nafasi ya kupita kidole kimoja cha mkono wa pili. Unene ukizidi, mkono huchoka. Ukipungua, raketi humzunguka mkononi.

Tatu, uzito na nyuzi. Anayeanza na aanze na nyepesi. Nyuzi laini, zisizokazwa mno, hupunguza mtikiso unaofika kiwikoni. Wala msiiache raketi ndani ya gari lililoanikwa juani mwezi wa Juni, kwani joto hulegeza nyuzi.

Hata Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, tangu mwaka 2012, limeagiza mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yachezwe kwa mipira ya mwendo wa polepole. Wenye mchezo wao wamekubali kumpimia mtoto. Sisi tunaompenda tutashindwaje?

Kwa hiyo napendekeza tuwapime watoto mmoja mmoja kwanza, hata kama fedha zile zile zitatununulia raketi saba badala ya kumi. Zinazowapunguka wakubwa wapokezwe wadogo.

Mjukuu wangu sasa ana miaka 12, na amerudi kiwanjani. Raketi yake ya inchi 25 imeshampunguka. Ameniomba niilete, nayo ni hii hapa mezani. Mtoto atakayelingana nayo aichukue. Na ikimuuma mkono, aseme. Hapana babu atakayeudhika.

Wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake.