Kitabu kimoja, majina mawili



Niliporudi toka kambini Kigoma, nilikuta rafiki yangu wa utoto ni mwalimu hapa Fizi. Wote wawili tunapenda vitabu sana. Siku moja nikamusifia *Shujaa Okonkwo*. Akasema hakijui, yeye anapenda *Le monde s'effondre*. Tukaanza kuelezana. Kumbe ni kitabu kimoja! Chinua Achebe wa Nijeria alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1958. Mimi nilikisoma kwa Kiswahili, yeye kwa Kifaransa.

Toka hapo tukakisoma tena pamoja, kila siku ya Yenga kiisha misa. Okonkwo aliishi miaka 7 ugenini. Rafiki yake Obierika alibakia, akamuuzia viazi vikuu vyake, akamupelekea feza.

Hapo mwalimu alinyamaza. Halafu akasema: «Ndugu, mimi nililima shamba la baba yako miaka yote ile. Sikukuwekea kitu.»

Nilijua. Toka nirudi nilikuwa naogopa kumuuliza. Kesho yake tulienda wote kuangalia mipaka. Leo tunalilima pamoja, tunagawana mihogo.

Wandugu, aliyerudi na aliyebakia wote wana neno limekwama kooni. Vitabu vyangu nimeviacha kwa katibu wa chama. Ukija kuazima, usikuje peke yako: kama ulirudi, kuja na mwenye alibakia.